Flush the Fashion ya Alice Cooper: dakika 28 ambazo hazikutendewa haki

Wimbo unaofungua albamu ya Flush the Fashion haukutungwa na mwenye albamu, mwimbaji wa roki wa Marekani Alice Cooper. Ni "Talk Talk", utunzi wa Sean Bonniwell uliorekodiwa mwaka 1966 na The Music Machine, kundi la Los Angeles ambalo wanamuziki wake walivaa nguo nyeusi tupu na glavu nyeusi katika mkono mmoja, na ambalo lilifika nafasi ya 15 kwenye chati ya Marekani kwa wimbo usiomaliza dakika mbili. Miaka 14 baadaye Alice Cooper aliuchukua wimbo huo, akauacha ukiwa mfupi na mkali kama alivyoukuta, akauweka mbele ya nyimbo zake zote. Ninaanzia hapo kwa sababu naamini uchaguzi huo ndio ufunguo wa albamu nzima, na kwamba wengi walioipuuza waliupita mlango huo bila kuutazama.

Albamu ilitoka Aprili 1980 ikiwa na nyimbo kumi zinazokwisha kwa dakika 28 na ushei. Nchini Marekani ilipanda hadi nafasi ya 44, na singo yake, "Clones (We're All)", ikafika nafasi ya 40. Kwa msanii chipukizi hayo yangekuwa mafanikio, lakini kwa mtu ambaye Billion Dollar Babies ya mwaka 1973 ilishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza, yalichukuliwa kuwa dalili ya kuporomoka. Tangu hapo albamu hii imebebeshwa lawama moja ambayo hurudiwa kila inapotajwa: kwamba mkongwe wa roki, alipoona vijana wa wimbi jipya la roki, yaani new wave kama mashabiki wote wanavyouita mtindo huo, wakimpita kwa sintesaiza zao, yaani vinanda vya umeme, na nywele zao fupi, aliamua kuwakimbilia ili asiachwe nyuma.

Sikubaliani na lawama hiyo, na ninataka kueleza sababu zangu kwa utulivu.

Kwanza, tujikumbushe mtu mwenyewe. Vincent Furnier, ambaye ndiye Alice Cooper, alizaliwa Detroit mwaka 1948 na kukulia Phoenix, Arizona, na kabla jina la Alice Cooper halijawahi kutamkwa alikuwa tayari mwimbaji wa kundi la vijana wa shule lililoitwa The Spiders. Mwaka 1966, mwaka uleule wa "Talk Talk", The Spiders walikuwa na wimbo wao uliopendwa pale Phoenix, "Don't Blow Your Mind", wenye gitaa lililokwaruza, mdundo usiopumua na kijana anayeimba kwa hasira. Mashabiki wa muziki huo huuita roki ya gereji, kwa sababu ilikuwa roki ya vijana waliokuwa wakifanyia mazoezi katika gereji za wazazi wao. Mtu wa namna hiyo anapofungua albamu ya mwaka 1980 kwa wimbo wa gereji wa mwaka 1966, anatuambia kwamba yeye na vijana wa wimbi jipya wamekunywa kisima kimoja, na kwamba yeye alitangulia kufika kisimani. Nyimbo fupi, vibwagizo vya kugonga na dharau kwa madaha vilikuwepo gerejini zamani sana, vikasahaulika wakati roki iliponenepa katika miaka ya sabini, kisha vikarudi vikiwa na vifaa vya umeme zaidi. Hata jina la albamu linasema hivyo, kwani ukilifasiri bila aibu ni agizo la kuvuta maji na kuiacha mitindo iende na choo.

Ni kweli kwamba mwaka huo wakongwe wengi walikuwa wakijaribu nguo hizo. Linda Ronstadt alitoa Mad Love, akaimba humo nyimbo tatu za Elvis Costello, mtunzi wa wimbi jipya, na Billy Joel alitoa Glass Houses. Nazipenda albamu zote mbili. Hata hivyo, nikizisikiliza nasikia wasanii waliotembelea nyumba ya jirani wakapokewa vizuri, ilhali katika Flush the Fashion nasikia mtu aliyerudi kwao akakuta samani zimebadilishwa.

Aliyezibadilisha samani hizo ni mtayarishaji Roy Thomas Baker, Mwingereza aliyefariki mwaka 2025, na ambaye mchango wake hapa unastahili kutazamwa kwa makini. Kazi za fahari za Alice Cooper katika miaka ya sabini zilikuwa mikononi mwa mtayarishaji Bob Ezrin, mtu wa picha kubwa aliyeweka sauti za watoto katika "School's Out" na okestra pale alipoona panafaa, hata albamu ikawa kama mchezo wa jukwaani wenye mapazia na taa. Baker naye alikuwa na historia ya ukubwa huo, kwa kuwa ndiye aliyeketi na kundi la Queen wakati wa "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975 na kurundika sauti juu ya sauti hadi zikawa kama ukuta. Lakini kufikia mwaka 1978, alipotengeneza albamu ya kwanza ya The Cars, kundi la wimbi jipya, alikuwa amejifunza jambo jingine, nalo ni kuuacha ukuta ule ule wa sauti usimame katika chumba kitupu, kukiwa na gitaa kavu, ngoma zilizobanwa na sintesaiza inayoingia, inasema neno lake na kutoka. Kanuni hiyo ndiyo aliyokuja nayo kwa Alice Cooper. Sikiliza jinsi waitikiaji wanavyoingia katika vibwagizo, wengi kwa hesabu na wazito, kisha wanakatwa ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango. Miongoni mwa waitikiaji hao wamo Howard Kaylan na Mark Volman, waliokuwa waimbaji wa kundi la The Turtles wakati wa wimbo wao "Happy Together", na ukishawatambua huachi kuwasikia.

Wapigaji wa ala hawakuwa vijana wa wimbi jipya hata kidogo, na jambo hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria. Gitaa limeshikwa na Davey Johnstone, mpigaji wa miaka mingi wa Elton John, mtu ambaye angeweza kumwaga solo za dakika tano akitaka, lakini hapa anapiga vipande vifupi vyenye ncha na kunyamaza. Sintesaiza na vinanda ni vya Fred Mandel, Mkanada ambaye baadaye alifanya kazi na Queen na kupiga ile solo ya sintesaiza inayokumbukwa na kila mtu katika "I Want to Break Free". Katika albamu hii Mandel ni nusu ya sura ya muziki wote. Kwa ufundi walio nao watu hawa, kujizuia kwao ni uamuzi, na masikio huutambua uamuzi huo hata kabla hujajua majina yao.

Sasa nije kwenye "Clones (We're All)", wimbo uliotungwa na David Carron na ambao ndio ulionileta mimi katika albamu hii. Sikuusikia kwanza kwa Alice Cooper. Niliusikia kwa kundi la roki The Smashing Pumpkins, ambao mwaka 1996 waliuimba upya katika mkusanyo wao The Aeroplane Flies High, wakauweka katika sahani moja na nyimbo za The Cars, The Cure, Missing Persons na Blondie. Nilipoona orodha hiyo nilijiuliza mtu wa jukwaa la vitisho, nyoka shingoni na kichwa chini ya mashine ya kukatia vichwa, anafanya nini kati ya watu hao. Nilikwenda kuitafuta albamu ya asili, nikapata jibu ndani ya sekunde kumi za kwanza za wimbo. Sintesaiza inazunguka juu ya noti chache kama feni mbovu, ngoma zinapigwa bila kuyumba, na Alice Cooper, ambaye tulizoea kumsikia akinguruma na kukejeli, anaimba kwa sauti bapa ya karani anayesoma majina kwenye daftari.

Kisa cha wimbo ni cha viumbe walionakiliwa kutoka mwili mmoja, wanaoitana kwa namba, na mmoja wao, namba sita, anashindwa kuizoea hali yake ya kuwa nakala. Hapo ndipo ninapoona kwa nini sauti baridi ya wimbi jipya ilimfaa msanii huyu kuliko ilivyowafaa wakongwe wenzake. Kazi yake yote ilikuwa kuvaa sura ya mtu mwingine. Jina lenyewe la Alice Cooper lilikuwa kwanza la kundi zima, kisha likawa la mtu mmoja, naye akalichukua kisheria, na kwa miaka mingi amezungumza juu ya Alice kama mtu wa tatu ambaye yeye humwigiza. Mtu aliyeishi hivyo akiimba juu ya nakala inayoukataa unakala wake, haimbi hadithi ya kubuni ya wakati ujao peke yake. Baker alimpa chombo cha kulisema jambo hilo bila kilio, na ubaridi wa mashine ukafanya kazi ambayo okestra ya Ezrin ingeifanya kwa machozi. Kama ningeruhusiwa kumsikilizisha mtu dakika tatu tu za albamu hii, ningechagua hizi.

Baada yake inakuja "Pain", ambao ndio mrefu kuliko zote kwa dakika nne na kidogo. Wimbo huu ulitumika pia katika filamu ya Roadie ya mwaka 1980, ambamo Alice Cooper alitokea pamoja na Meat Loaf. Wapo wanaoona kwamba hauko nyumbani kwake hapa, kwa sababu una kinanda cha taratibu, una kupanda na kushuka, na unamrejesha mwigizaji wa jukwaani wa zamani. Mimi nauona kuwa wimbo bora wa pili wa albamu. Anayezungumza ni maumivu yenyewe, yanayojitambulisha kwa majivuno na kutaja kila mahali yalipowahi kukaa, kuanzia misiba mizito hadi vijeraha vya kuchekesha, na namna Alice Cooper anavyoyapa sauti ya mgeni rasmi aliyekaribishwa karamuni inaonyesha kwamba hakuutupa ufundi wake wa zamani alipouvaa mtindo mpya. Nafasi ya wimbo huu katika mpangilio nayo ni ya busara, kwa kuwa baada ya nakala zisizohisi chochote unaletewa kitu kisichofanya lolote isipokuwa kuhisi.

"Leather Boots" hupita kabla hujakaa vizuri, na sina la kuongeza juu yake.

"Aspirin Damage" unafunga upande wa kwanza kwa kisa cha mtu aliyelewa vidonge vya kutuliza kichwa. Ukiusikiliza peke yake utauona kuwa mzaha. Ukikumbuka kwamba albamu iliyotangulia, From the Inside ya mwaka 1978, aliiandika pamoja na mtunzi wa maneno Bernie Taupin kuhusu watu aliokutana nao hospitalini alikolazwa kutibiwa ulevi wa pombe, utasikia jambo jingine. Katika From the Inside uraibu ulisimuliwa kwa huruma na kwa sauti zilizolainishwa na mtayarishaji David Foster, na hapa unasimuliwa kwa dakika zisizofika tatu na kicheko cha meno yaliyokazwa. Sioni kwamba simulizi moja ni ya kweli kuliko nyingine. Lakini hii ya pili ndiyo inayonirudia usiku.

Upande wa pili unaanza kwa kishindo. Mnamo Machi 28, 1979, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania kilipata ajali, sehemu ya kiini chake ikayeyuka, na Marekani nzima ikaanza kuyatazama majengo hayo ya saruji kwa jicho jingine. "Nuclear Infected" ulikuja mwaka mmoja tu baadaye. Wasanii wengi wa wakati huo waliimba kupinga nyuklia kwa uzito na kwa haki. Alice Cooper alichagua kuimba kama mtu aliyekwisha kuambukizwa na ambaye amefurahi, mtu anayeng'aa rangi tofauti kulingana na hisia zake, na kwa kufanya hivyo alifikisha hofu ile mahali ambapo hotuba haifiki. Gitaa la Johnstone linaubeba wimbo huu kwa mkwaruzo mmoja unaojirudia, na kila ninapousikia naona jinsi ulivyo karibu na The Spiders kuliko na kitu chochote alichokifanya kati ya mwaka 1972 na 1978.

"Grim Facts" ndio mzito zaidi kwa gitaa, na shabiki wa zamani aliyekwishakata tamaa na sintesaiza anaweza kupumzika humo. "Model Citizen" ninaupenda zaidi kwa maneno yake, kwani msimulizi anajitangaza kuwa raia wa mfano huku kila sifa anayojipa ikimsuta, na muziki unampigia makofi kwa unyoofu kana kwamba unamwamini. "Dance Yourself to Death" ndio udhaifu wa upande huu. Ni roki ya kawaida yenye mwendo mzuri ambayo ingeweza kutolewa mwaka wowote na kundi lolote lenye ustadi, na katika albamu isiyofika nusu saa, dakika tatu za kawaida huonekana wazi. "Headlines", unaofunga, unazungumzia tamaa ya kuandikwa magazetini kwa gharama yoyote, na ni jambo la kugusa kwamba mtu aliyejengwa na vichwa vya habari kuliko karibu mwanamuziki yeyote wa kizazi chake aliamua kumaliza kwa wimbo huo, wakati ambapo vichwa vya habari vilikuwa vikimwacha.

Kasoro nyingine ipo, na sitaificha kwa ajili ya mapenzi. Ufupi wa albamu ni sehemu ya uzuri wake, lakini katika nyimbo mbili au tatu unasikika kama wazo lililoachwa kabla halijaiva. "Leather Boots" ni mfano ulio wazi, na hata "Model Citizen" ningetamani uwe na ubeti mmoja zaidi. Pia kuna mahali ambapo sauti ya Alice Cooper imesukumwa nyuma ya sintesaiza kupita kiasi, na kwa mwimbaji ambaye kila neno lake ni sehemu ya mchezo, kupoteza nusu ya mstari ni hasara. Msikilizaji anayetafuta sanaa ya vitisho ya albamu yake Welcome to My Nightmare asianzie hapa, kwa kuwa atatoka na njaa, na njaa hiyo itamfanya aidhulumu albamu isiyo na kosa.

Naamini pia kwamba albamu imeteseka kwa sababu ya majirani zake. Ilifuatwa na Special Forces mwaka 1981, Zipper Catches Skin mwaka 1982 na DaDa mwaka 1983, albamu tatu ambazo Alice Cooper mwenyewe amesema hadharani kwamba haikumbuki vizuri kazi ya kuzirekodi, kwa sababu ya hali ya afya na uraibu aliyokuwa nayo. Wasimulizi wa historia yake wakazifunga zote nne katika furushi moja, wakaliita kipindi cha giza, kisha wakaruka hadi mwaka 1989, wakati Trash na wimbo wake "Poison" vilipomrudisha katika nafasi kumi za juu. Furushi hilo lina mambo mengi mazuri, na DaDa ina watetezi wake wenye hoja nzito, lakini Flush the Fashion haina dalili ya mtu aliyepotea. Ina mpangilio, ina nidhamu, ina mwimbaji anayejua kwa nini yupo katika kila mstari. Kuihesabu kuwa sehemu ya giza ni kuhesabu kwa tarehe badala ya kuhesabu kwa masikio.

Kwa atakayetaka kuijaribu, ushauri wangu ni huu. Tafuteni kwanza "Talk Talk" ya The Music Machine, kisha "Don't Blow Your Mind" ya The Spiders, na baada ya nyimbo hizo mbili za mwaka 1966 ichezeni albamu nzima bila kusimama, ikiwezekana kwa spika na si kwa simu, kwa sababu Baker aliijenga kwa nafasi kati ya ala, na spika ndogo huzifuta nafasi hizo. Mtakapofika "Clones", zingatieni dakika ya mwisho, pale waitikiaji wanaporudia kibwagizo pamoja na yeye hadi usijue tena ni sauti ipi iliyo ya Alice Cooper na zipi ni za wengine.